Miraba Meusi

Somoe hakutulia kitini. Kesho kutwa mwanawe anatiwa jandoni, na nesi bado anachora: mraba kwa kila mwanamume wa ukoo, duara kwa kila mwanamke. Aliyekufa kwa damu isiyokatika alipakwa wino.

"Wajomba zako wawili walifia jandoni?" nesi akamuuliza.

"Kwa kisu cha ngariba," akadakia Bi Mwanatenga, mama yake Somoe. "Kile kizee hatujakisalimia miaka thelathini."

"Na mtoto wa dada yako, Bi?"

Bi Mwanatenga akasita. "Huyo aling'olewa jino tu."

Nesi akaupaka wino mraba wa tatu, akaigeuza karatasi upande wao. Somoe akainuka, akakaa, akainuka tena. Akaifuata mistari kwa kidole. Kila mraba mweusi ulining'inia chini ya duara jeupe: la bibi, la mama mkubwa.

"Ugonjwa huu wanawake huubeba bila kuugua," nesi akasema taratibu. "Huwashukia watoto wao wa kiume."

Bi Mwanatenga akajifunika kanga usoni.

Chini ya duara la Somoe palikuwa na mraba mmoja, bado mweupe. Akaubana kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayezuia damu.