Sahani ya Mwanakheri

Kila magharibi mashine ya serikali, Msawazishaji, huingia madirishani ikivuma kama nyuki, ikachungulia vyungu vya kila nyumba. Kinachozidi kipimo hukichota na kumpelekea aliyepungukiwa. Tangu ije, hakuna aliyelala njaa, na Mwanakheri hakulikana hilo. Alikaanga vitumbua vya kuuza tangu alfajiri mpaka viganja vikaota sugu, na jasho lake kuliwa na wengine halikumuuma.

Kilichomuuma ni sahani. Zamani akimpelekea jirani yake, Bi Nunuu, hairudi tupu. Hata kama ni ndimu mbili, zilirudi na soga na kicheko. Sasa wanakula chungu kimoja na hata salamu hawapeani.

Jioni moja aliuwahi wali wake wa nazi kabla mashine haijafika. Akaupakua wote sahanini, akaufunika kawa.

"Mke wangu, kugawa bila kibali ni kosa," mumewe alinong'ona.

"Basi wanifunge kwa wali! Nimepika mimi, nitampa mimi."

Mlangoni pake, Bi Nunuu alitupa jicho dirishani kwanza, kisha akaipokea sahani kwa mikono miwili.

Mwanakheri aliporudi, Msawazishaji ilikuwa inaelea juu ya chungu kitupu.

"Kaya hii imepungukiwa," ilitamka, ikaweka mezani sahani ya mgawo.

Mwanakheri akaifunika kawa, akainyanyua.

"Unakwenda wapi tena?" mumewe aliuliza.

"Ghorofa ya juu."

Akapanda ngazi, taa nyekundu ya mashine ikimfuata mgongoni. Alipofika, akapaza sauti jengo zima lisikie: "Hodi!"