Ukuta Uliolia

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini akauulize ukuta wenyewe.

Treni ilipoacha reli na kuua watu, nchi nzima ililia, na wasanii wakalia kwa kushindana. Nyimbo zilitoka kabla marehemu hawajazikwa, zote na kinanda kilekile. Nilichoka nazo. Mimi, mchora mabango mstaafu, nikapanda ngazi nikachora nyuso za waliokufa kwenye ukuta wa nje wa stesheni. Mvua ya kwanza iliponyesha, nyuso zikatoa machozi meusi mpaka kidevuni. Watu walijaa, nami nikawaambia ukuta huu una uchungu kuliko redio zote.

Ndipo akaja dada yangu, ambaye mwanawe nilimchora karibu na dirisha la tiketi. Alipitisha kidole kwenye shavu la kijana. Kidole kikarudi cheusi.

"Kaka, hii ni rangi ya maji."

"Ni machozi, dada."

"Ni ile rangi yako ya dari, umeitia masizi. Ikinyesha tena, mwanangu hana uso."

Umati ukanigeukia. Nilitafuta uongo mwingine, nikaukosa.

Kesho yake nilikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi ya mafuta, pensheni yangu yote ikiwa humo ndani. Dada aliishika ngazi. Nilifika kwenye macho ya mwanawe.

"Usimlize tena," akasema. "Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kukucheka wewe."