Ukuta wa Magwagwa

Mwaka wa 1972, katika kiangazi kilichofuata mavuno ya wimbi, mji wa Kisii uliwaalika akina mama wa kila soko wazipambe kuta za maduka yake. Ukuta bora ungezawadiwa kondoo dume.

Nyanchera wa soko la Kebirigo alikuwa amebakiza utepe wa juu wa ukuta wake tu. Udongo wake mweupe, alioukoroga kwa uji wa wimbi, ulishika barabara kwenye saruji. Kando yake, udongo wa wifi yake aliyeolewa Magwagwa na kupambia soko la huko, uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe kama ilivyo desturi nyumbani, ulikuwa ukibanduka na kuanguka vipande vipande.

"Wifi, kumbe Magwagwa siku hizi mnakandika sakafu?" Nyanchera alimtania.

"Cheka tu. Ulipojifungua, nani alikukandikia nyumba kutwa nzima?"

Kazi ile Nyanchera hakuwahi kuirudisha. Waamuzi walikuwa wamefika duka la jirani, na chunguni mwake mlisalia udongo wa kumalizia ukuta mmoja tu, wake au wa wifi yake.

"Sogea," alisema.

Akachovya vidole vinne, akaviburuta taratibu kwenye ukuta wa Magwagwa. Mistari minne myeupe ikashika.