Mteja Mwenye Daftari

"Na shubiri je?" Twalib aliuliza, kalamu mkononi.

Audax alishusha pumzi. Ilikuwa mara ya nne mwezi huo mtu huyu kuja kuegemea kaunta yake na daftari la shule, akiuliza dawa gani hazipatani na vidonge vya sukari. Hanunui kitu. Anauliza, anaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili, anaaga.

"Shubiri inashusha sukari," Audax alisema. "Vidonge navyo vinashusha. Ukivichanganya, sukari inaporomoka. Hilo nalo mpaka mtu aende chuo kikuu?"

"Na ikiporomoka?"

"Mwili unatetemeka, moyo unakwenda mbio. Hapo ndipo mtu anajua mambo yameharibika, anakimbilia kitu kitamu. Asipokipata anazimia. Andika."

Twalib akaandika.

Mwananyamala nzima ilimwita Audax Dokta, naye hakuwahi kumsahihisha hata mmoja. Kwao Bukoba alikuwa mtunza stoo tu. Ruhusa ya watu binafsi kuuza dawa ilipotoka, akafungua duka, akanunua koti jeupe la mtumba lenye jina la Mzungu kifuani, na kuanzia siku hiyo akawadharau wagonjwa kama vile ndicho alichosomea. Mwenye homa alimwona mzembe. Mwenye kidonda alimwona mchafu. Twalib alikuwa na fungu lake peke yake.

Huyu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, hana mke, hana kazi, analala chumba cha uani kwa shangazi yake, Bi Mwajabu. Yeye ndiye aliyempikia bibi huyo uji wa asubuhi na kumpelekea chai ya jioni. Bi Mwajabu hakujaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba hiyo, na shamba la minazi kule Mbezi Beach ambalo wenye mahoteli walikuja kulibembeleza kila mwezi, naye kila mwezi akawafukuza. Ndugu wa damu aliyembakia ni huyo Twalib.

"Dume zima linashinda jikoni linaonja masufuria," Audax aliwaambia wateja wengine. "Halafu mnashangaa sukari imelipata!"

Wateja walicheka. Ukweli ni kwamba walimcheka Twalib kwa sababu kumcheka Dokta wasingethubutu.

Siku moja aliingia dukani akitafuna kashata. Audax alitoka nyuma ya kaunta, akampokonya, akaitupa mtaroni mbele ya watu.

"Kashata! Na sukari yako hiyo! Unataka kufa wewe?"

Twalib alifuta chenga mdomoni. "Nisamehe, Dokta," alisema, wala hakubisha. Hilo lilimuudhi Audax zaidi. Mtu asiyeweza hata kujitetea alimtia kichefuchefu.

Baada ya siku mbili akarudi na daftari lake.

"Septrini?"

"Inashusha."

"Aspirini nyingi?"

"Nayo. Lakini hizo zote afadhali." Audax aligonga kopo moja la bati kwa ukucha. Alipenda kuonekana anajua, hata mbele ya mtu aliyemdharau. "Za kuogopa ni hizi, za presha, za kutuliza moyo. Mwenye sukari akizimeza, sukari ikishuka hatetemeki, moyo hauendi mbio. Hapati onyo. Analala kama mtoto mchanga, asubuhi mnamkuta amekwisha."

Kalamu ya Twalib ilisimama. "Hatetemeki kabisa?"

"Nimesema Kiswahili au Kihaya?"

Twalib alimalizia kuandika, akafunga daftari. "Basi nifungie kumi."

Audax alimkodolea macho. "Baada ya yote niliyokwambia?"

"Presha inasumbua, Dokta."

Mtu mwenye utu angekataa. Audax alihesabu vidonge kumi, akavifunga kwenye kipande cha gazeti, akavisukuma juu ya kaunta kwa kidole kimoja. Mjinga akitaka kujiua kwa ujinga wake, yeye ni nani amzuie? "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Usije ukasema sikukwambia."

"Umeniambia," Twalib akajibu. "Tena umeniambia vizuri."

Jumanne iliyofuata Raudha, muuza vitumbua wa pale mbele ya duka, alipenyeza kichwa dirishani. "We Dokta, hujasikia? Kwa kina Twalib kuna msiba tokea alfajiri. Wanazika adhuhuri."

Audax hakuhitaji kuambiwa nani. Aibu kusema, lakini alisikia raha. "Nilimwonya," alimwambia Raudha. "Kwa mdomo wangu huu nilimwonya. Watu wengine kichwa ni cha kufugia nywele tu."

Alasiri alifunga duka, akaenda na koti lake jeupe. Njiani alijipangia hotuba: jinsi marehemu alivyoelezwa mara tano, akaandika mwenyewe, na bado akameza. Alitaka mtaa wote ujifunze.

Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, wamekaa mikekani, kahawa inazunguka. Audax alivua viatu, akakohoa kidogo kusafisha koo, akatazama huku na huku kumtafuta mfiwa wa kumpa mkono.

Mfiwa alikuwa katikati ya mkeka, kanzu imepigwa pasi, kikombe cha kahawa mkono mmoja, kashata mkono wa pili. Aliviweka chini, akainuka, akaushika mkono wa Audax kwa mikono yake yote miwili.

"Shangazi alilala tu, Dokta," Twalib alisema. "Hakutetemeka hata kidogo. Vilevile ulivyosema."