Anashukuru kwa Kualikwa

Kwenye kongamano la chuo cha ufundi, vijana waliulizwa wanaionaje kesho ya jamii isiyomtenga mtu. Kaka, kiziwi pekee mle ukumbini, akasimama kujibu kwa lugha ya alama, ngumi ikigonga kiganja mpaka kikawa chekundu.

“Anashukuru kwa kualikwa,” mkalimani akasema kwenye kipaza sauti. “Anaiona kesho njema.”

Ukumbi ukapiga makofi. Kaka akadhani wameelewa, akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomchoma dada mtu, aliyekaa nyuma. Akainuka.

“Hakusema hivyo.”

“Binti, kaa chini,” mwenyekiti wa kongamano akamwambia bila kumtazama. “Usituharibie shughuli.”

“Amesema chuo chenu cha ufundi kimemkataa mara tatu, na leo mmemwita mpige naye picha. Amesema hiyo kesho yenu mbaki nayo.”

Mkalimani akafunika kipaza sauti kwa mkono. Mlinzi akaanza kumjongelea dada.

Kaka akauliza kwa alama: wamekasirikia nini?

Dada akainua mikono juu, kila mtu aione, akamweleza alivyotafsiriwa, neno kwa neno.

Kaka akaweka mkoba wake kitini. Akaanza kuiendea meza kuu.