Mguu wa Maboksi

Mwalimu Mwanaidi aliwafundisha wanafunzi wake wa chuo cha ubunifu kanuni moja: mteja akijaribu mfano wenu, fungeni midomo, tazameni tu. Ndiyo maana Zulekha alinyamaza alipomfunga Bi Ramla ule mguu alioutengeneza kwa maboksi na gundi. Ulikuwa wa kupimia urefu na mikanda, si wa kukanyagia.

Bi Ramla alikuwa mtu wa kuketi barazani miaka minne, tangu akatwe mguu. Alishika nguzo, akasimama. Kisha akaiachia.

"Wee Hidaya!" alimwita jirani. "Njoo uone! Si ulisema nitatoka hapa kwa jeneza?"

Hidaya akatoka na mwiko mkononi, akapiga kigelegele.

Mwalimu, aliyesimama kando ya Zulekha, alitazama chini. Boksi lilikwisha kuanza kubonyea kifundoni.

"Bi Ramla, huo ni mfano tu," alisema taratibu. "Tunaurudisha chuoni. Wa kweli utatengenezwa."

"Lini, mwanangu?"

Miaka yote chuo kilitengeneza mifano, wa kweli hakuna aliyewahi kuuona.

"Basi huo wa kweli utaukuta huu hukuhuku mguuni," alisema Bi Ramla, akashuka baraza kwa mwendo wa bibi harusi, akashika njia ya sokoni chini ya mawingu mazito.

Zulekha alifungua mdomo amwite. Mwalimu, kwa mazoea, akamwekea kidole cha kumnyamazisha.

Kwenye daftari ambalo Zulekha aliandikia aliyoyaona, juu ya neno "anatembea", likaanguka tone la kwanza la mvua.