Nguzo ya Bi Sikudhani

Kwa miaka thelathini na moja Bi Sikudhani aliteremka mtoni kila alfajiri kutazama nguzo ya mvule aliyoisimika mwenyewe, yenye alama alizozichonga kwa kisu. Maji yakigusa alama ya saba, iliyomfika yeye kiunoni, alipiga mbiu na watu wa bondeni wakahama. Mara nne aliwaokoa hivyo.

Siku ya kumtunukia nishani, mji mzima ulikusanyika kwenye uwanja wa bondeni. Meya akavuta pazia, na vifijo vikarindima.

Ilikuwa nguzo nyeupe pe, jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Bi Sikudhani akaipapasa. Chini ya rangi, vidole vyake vikazikuta alama.

"Mmeing'oa lini?"

"Jumatatu, mama, tulipokupeleka hotelini upumzike hadi leo," alijibu Meya, akimvika nishani shingoni. "Tulitaka ile ile yenyewe."

"Na mto sasa unapimwa kwa kitu gani?"

"Mama nawe! Leo si siku ya mto. Leo ni siku yako."

Juma zima mvua ilikuwa ikinyesha milimani. Bi Sikudhani akashuka jukwaani huku bendi ikimsindikiza kwa wimbo. Akapita mianzi, akavua viatu, akajitosa mtoni hadi pale ilipokuwa nguzo, akasimama wima kama yenyewe.

Maji yakailowesha nishani kifuani.

Akageuka, akainua mikono yote miwili, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote. Kule uwanjani watu wakamwona, wakasimama, wakamjibu kwa vigelegele.